John Kilaka na lawama ya kurudiarudia (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha Edward Saidi Tingatinga akichora kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao jijini Dar es Salaam, kazi aliyoianza mwaka 1968 na kuifanya kwa miaka michache tu hadi alipofariki mwaka 1972. Leo tumtazame mmoja wa waliofuata nyayo zake, ambaye kwetu Katavi ni jirani: John Kilaka, mzaliwa wa mwaka 1966 upande wa Sumbawanga. Mpanda na Sumbawanga zilikuwa mkoa mmoja wa Rukwa hadi Katavi ilipomegwa mwaka 2012, na ngano za Sungura na Kobe anazozichora Kilaka si ngeni kwa mtu wa Litapunga, huku kwetu. Ninachodai ni kwamba kurudiarudia, ambako wahakiki huhesabu kuwa udhaifu mkubwa wa mtindo wa Tingatinga, ndiko kulikomfaa Kilaka alipogeukia vitabu vya watoto.

Lawama yenyewe ina msingi. Mchoraji wa Tingatinga hupaka rangi ya chini, huiacha ikauke, huchora mnyama mmoja, tuseme twiga, wa kujaza ubao, kisha humalizia kwa madoa na mistari. Mtalii akimnunua twiga huyo, kesho yake anachorwa mwingine vilevile. Waliosomea sanaa Makerere, kama Sam Ntiro, walitazamiwa kuleta jambo jipya katika kila turubai, na kwa kipimo hicho Tingatinga haipiti. Lakini kitabu cha hadithi kina kipimo chake. Panya akibadilika sura kati ya ukurasa mmoja na mwingine, mtoto ambaye bado hajajua kusoma hupotea, maana yeye hadithi anaifuata kwa macho. Mkono uliozoea kumchora mnyama yuleyule mara mia humshika mtoto huyo asipotee. Tena umbo kubwa lenye rangi kali huonekana hata na mwanafunzi aliyekaa nyuma, pale mwalimu anapoinua nakala moja mbele ya darasa zima.

Ngano nazo hurudia. Katika hadithi ya Kilaka ya mti wa ajabu, wanyama wana njaa, na mti uliojaa matunda hauangushi hata moja mpaka utajwe jina lake, analolijua Kobe. Wakubwa wanakwenda kuuliza, wanaambiwa, wanalisahau njiani; wanakwenda wengine, yaleyale; mwishowe anafaulu Sungura, aliyedharauliwa kwa udogo wake. Mchoraji ambaye kila ukurasa angeleta mtindo mpya angeivunja hadithi hiyo. Na katika ile ya Panya na Tembo, Tembo anapewa chakula cha Panya amtunzie, kisha ukame ukiingia anamnyima. Msomaji wa Katavi ambaye tembo wamewahi kummalizia mahindi shambani hatahitaji kuelezwa tabia hiyo.

Wapo watakaosema wanyama waliovikwa nguo ni kuiga katuni za Wazungu. Hoja hii ni nyepesi. Sungura wa bibi zetu alilima, alikopa na kushtakiwa kabla katuni hizo hazijafika. Kumvika shati ni kuonyesha tu kwa rangi alivyokuwa akisimuliwa siku zote.

Pingamizi zito ni jingine: vitabu hivi vilitoka kwanza Uswisi kwa Kijerumani, vikafuata vya Kiingereza, kile cha Sokwe na samaki kikichapishwa Kanada mwaka 2005. Basi anamchorea nani? Mimi naona swali hilo limwendee mchapishaji kabla ya mchoraji. Kilaka alizunguka vijijini kuwasikiliza wasimulizi, na Sokwe wake anayepeleka samaki sokoni anaeleweka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kuliko Zürich. Kinachokizuia kitabu kisifike Karema ni gharama ya kuchapa kwa rangi nne nakala chache, kwa soko ambalo mzazi hununua kitabu cha mtaala na si cha hadithi. Gharama hiyo, na nani anaweza kuibeba, ndiyo tutakayoichambua wiki ijayo.