Kura sita Pipeline, lakini mifereji ikikauka aulizwe nani?

MKAZI wa Pipeline, mtaa wa maghorofa katika eneo la Embakasi jijini Nairobi, hupiga kura sita kwa siku moja. Humchagua Rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike wa kaunti na diwani wa wadi.

Hata hivyo, mifereji inapokauka na mitungi ikapangwa foleni mlangoni pa ploti, wengi hawajui ni nani kati ya hao sita anayepaswa kuulizwa.

Kabla ya 2013 kura zilikuwa tatu tu: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Diwani aliketi katika Baraza la Jiji, na meya alichaguliwa na madiwani wenyewe wala si wananchi. Waziri wa Serikali za Mitaa alikuwa na usemi mkubwa juu ya baraza hilo, kiasi kwamba kati ya 1983 na 1992 Nairobi iliendeshwa na tume iliyoteuliwa bila diwani hata mmoja.

Wakati huo Pipeline ilikuwa sehemu ya eneobunge moja kubwa la Embakasi. Mipaka ilipochorwa upya mnamo 2012, Embakasi iligawanywa mara tano, na mtaa huu ukaangukia Embakasi Kusini pamoja na Imara Daima, Kwa Njenga, Kwa Reuben na Kware. Pipeline yenyewe ni wadi, mojawapo ya 85 za Nairobi, ingawa mtaa ambao watu huuita Pipeline haufuati mistari ya ramani hiyo barabara.

Kwa shida za kila siku, diwani na gavana ndio wa kuulizwa kwanza. Katiba ya 2010 iliipa kaunti jukumu la kusambaza maji, kuzoa taka, kusimamia zahanati na shule za chekechea, na kuidhinisha ramani za majengo. Ghorofa la orofa saba likisimama likagusana na jirani yake hadi chumba cha chini kikawashwa taa saa sita mchana, hilo ni suala la kaunti. Kazi ya diwani si kuchimba kisima kwa pesa zake, bali kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kumhoji gavana na maafisa wake.

Maji ni mfano mzuri wa jinsi lawama zinavyoweza kupotea njiani. Kampuni inayoyasambaza ni mali ya Kaunti ya Nairobi. Lakini sehemu kubwa ya maji hayo hutoka katika bwawa la Ndakaini, ambalo limo katika Kaunti ya Murang'a, na ujenzi wa mabwawa na mitaro mikubwa huendeshwa na shirika la serikali ya kitaifa. Kwa hivyo kila upande huwa na mwingine wa kuunyooshea kidole.

Mbunge naye hutunga sheria za nchi na kupitisha bajeti ya kitaifa. Hazina ya CDF, iliyoanzishwa mnamo 2003, ndiyo iliyomfanya aonekane kama mjenzi wa madarasa na mgawaji wa karo, na tangu hapo watu wakamzoea kwa sura hiyo. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya hazina hiyo inakiuka Katiba. Mwakilishi wa kike huketi katika Bunge hilo hilo la Kitaifa, ila yeye huchaguliwa na kaunti nzima.

Seneta hutetea mgao wa fedha za kaunti, na Seneti ndiyo huamua hatima ya gavana aliyetimuliwa na madiwani. Nairobi ilishuhudia hayo Desemba 2020, Mike Sonko alipoondolewa mamlakani.

Kisha kuna wale ambao hakuna aliyewapigia kura: naibu kamishna wa kaunti, chifu na naibu wake. Hawa ni watumishi wa serikali ya kitaifa, lakini ndio walio karibu zaidi na mpangaji anayezozana na mwenye nyumba.

Tofauti ya aliyechaguliwa na aliyeteuliwa si jambo dogo. Februari 2020 kaunti ilikabidhi serikali ya kitaifa afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji, na majukumu hayo yakaendeshwa hadi 2022 na idara iliyoongozwa na mwanajeshi, Mohamed Badi. Ni katika kipindi hicho, mwishoni mwa 2021, ambapo nyumba za maelfu ya watu katika Mukuru kwa Njenga, jirani wa Pipeline, zilibomolewa kupisha barabara. Madiwani walikuwapo, lakini mipango ya jiji haikuwa tena mikononi mwa kaunti yao.

Idadi ya watu nayo ina neno. Katika sensa ya 2019 Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, yaani zaidi ya 258,000 kwa kila mmoja wa wabunge wake 17, ilhali wastani wa nchi ni kama 164,000. Lamu, iliyokuwa na watu 143,920, ina seneta mmoja sawa na Nairobi. Mipaka ilipaswa kuangaliwa upya kufikia Machi 2024, lakini wakati huo tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna.

Kuna upungufu mwingine ambao wakazi hujiletea wenyewe. Wapangaji wengi wa mitaa kama hii hujiandikisha kupiga kura mashambani walikozaliwa. Huyo hunywa maji ya Nairobi, hukanyaga matope ya Nairobi, kisha humchagua diwani wa kijiji anachokiona Desemba pekee.

Asiyepiga kura hapa hajafungiwa mlango kabisa. Katiba inampa haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, na sheria ya kaunti za 2012 inampa haki kama hiyo kwa serikali ya kaunti. Bunge la kaunti nalo hulazimika kusikiza maoni ya umma kabla ya kupitisha bajeti. Makadirio hayo hufikishwa huko kufikia Aprili 30 kila mwaka, na vikao vya maoni hutangazwa magazetini.