Saruji kali, tundu jembamba

Msomaji anauliza kwa nini kofia ya jino lake lililotibiwa mzizi imechomoka pamoja na nguzo yake, ilhali iligandishwa kwa saruji ya rezini, inayosifiwa kuwa kali kuliko zote. Jibu limo katika umbo la tundu la mzizi ambamo nguzo hiyo hugandishwa. Rezini hukomaa molekuli zake ndogo zinaposhikana kuwa minyororo mirefu, na zikishikana husogeleana, hivyo saruji nzima hunywea kwa asilimia kadhaa. (Nasema kunywea, si kusinyaa: kilichosinyaa hulegea, na hii hailegei hata kidogo.) Chukua udongo wa kukandikia nyumba. Ukiutandaza juu ya jiwe, unapokauka uso wake wa juu hushuka na jiwe haliachwi. Ukiushindilia kati ya miti miwili isiyosogea, hauna pa kushukia: utapasuka katikati, au utabanduka kwenye mti ulioshikwa vibaya. Ndani ya mzizi udongo huo umezungukwa na kuta pande zote, na uso ulio wazi ni mdomo mdogo wa juu tu. Ukigawanya eneo lililogandwa kwa eneo lililo wazi, tundu la kawaida la kuziba hutoa kati ya 1 na 5. Mzizi huweza kupita 200. Saruji hukomaa huku ikijibandua.

Atatokea wa kusema kwamba maabara huonyesha rezini ikiishinda ayonoma ya kioo, saruji ambayo watafiti Wilson na Kent waliitangaza Uingereza miaka ya 1970. Naam, kwenye dentini (tabaka la jino lililo chini ya enameli) iliyo bapa. Mtafiti Bouillaguet na wenzake walipolinganisha mwaka 2003, rezini kadhaa zilishika kwa udhaifu zaidi ndani ya mzizi mzima kuliko kwenye mzizi uliopasuliwa ukawa bapa. Ayonoma hukomaa polepole, hushikana na kalisi ya jino lenyewe, kisha hunywa maji na kuvimba kidogo, ikifidia ilichopungua. Tena haihangaishwi sana na mabaki ya tiba yanayozuia rezini kukomaa: oksijeni ya dawa ya klorini iliyosafishia mzizi, na eujenoli, ile ile ya mafuta ya karafuu, iliyomo katika baadhi ya dawa za kuzibia.

Ni kweli ayonoma yenyewe huvunjika kwa urahisi zaidi. Lakini mzigo wa kutafuna haupaswi kubebwa na saruji. Hubebwa na ukingo wa jino lililobaki juu ya ufizi, ambao kofia huukumbatia. Ukifika milimita 2 kuzunguka jino lote, ugomvi wa saruji hupungua sana. Ukikosekana, nguzo hupigwa kama mtaimbo kila tonge, na hakuna saruji itakayoivumilia kwa muda mrefu.