Una Mdoli wa Kitambo wa Star Wars? Hivi Ndivyo Utajua Kama ni Doo ama ni Takataka

Kuna kamdoli ka Star Wars kanaitwa Jawa, kadogo hivi kanatoshea kwa kiganja. Kamoja kanauzwa maelfu ya dola. Kengine, sura ile ile, kampuni ile ile, hakafikishi hata dola 100. Tofauti ni joho tu.

Story iko hivi. Filamu ya Star Wars ilitoka 1977, na mwaka uliofuata Kenner, kampuni ya midoli ya Cincinnati huko Marekani, ikaleta midoli 12 ya kwanza. Jawa wa mwanzo mwanzo walivaa joho la plastiki. Baada ya muda mfupi Kenner wakaona linakaa rahisi sana, wakaweka la kitambaa. Wale wa plastiki wakabaki wachache, na hapo ndipo ganji iko.

Kwa hivyo mtu asikudanganye ati kitu kikiwa cha zamani ni mali. Kenner walitengeneza midoli hii kwa mamilioni. Cha kuangalia ni hali yake, na kama kila kitu ni original.

1. Kagua mwili

Msimamishe mezani. Akianguka kila saa, viungo vimelegea na bei imeshuka. Rangi huanza kutoka kwa pua, nywele na mikono, so angalia hapo kwanza. Kila mmoja pia ana ugonjwa wake: C-3PO anapoteza ile dhahabu yake ya kung'aa juu ya kushikwashikwa, Stormtrooper mweupe anageuka manjano, na R2-D2 stika yake inabambuka.

Sasa mgeuze usome maandishi kwa miguu. Wengi wa mwanzo wana GMFGI, yaani General Mills Fun Group, waliokuwa wenye Kenner. Lakini chunga: mwaka ulioandikwa hapo ni wa hakimiliki, si lazima awe alitengenezwa mwaka huo.

2. Hesabu vifaa

Mdoli bila bunduki yake ni kama simu bila chaja. Vile vibunduki vidogo ndivyo watoto walipoteza kwanza, na wengine husaka hicho kifaa pekee yake kukamilisha mdoli wao. Kwa sababu hiyo, feki zimejaa. Weka bunduki kando ya picha safi ya original na ulinganishe rangi, unene na alama ndogo ndogo.

Hata yule Jawa ana matapeli wake. Wanachukua joho la plastiki la Ben Kenobi, mdoli mwingine wa Kenner, wanalikata liwe fupi, halafu wanakuuzia kama la Jawa. Ukilipa bei ya Jawa hapo, umechezwa mchana.

3. Kama bado iko kwa kadi

Hapa bei inaruka vibaya sana. Geuza kadi uone nyuma. Kadi za kwanza zilionyesha midoli 12 tu, ndiyo wakusanyaji huziita "12-back". Kadri midoli ilivyoongezeka, picha pia ziliongezeka. Halafu angalia mikunjo, alama za stika ya bei iliyong'olewa, rangi iliyofifishwa na jua, na kama ile plastiki angavu ya mbele imebonyea ama imegeuka manjano.

4. Usijitie fundi

Hapa ndipo wengi hujichoma. Usipake rangi upya. Usigundishe stika na gluu. Usimloweke kwa dawa ya kung'arisha ndio awe mweupe. Wanunuzi wengi huhesabu hiyo kama kuharibu. Vumbi itoe na kitambaa laini, basi.

5. Bei ya ukweli

Mtu anaweza andika bei yoyote kwa mtandao. Hiyo ni ndoto yake. Kwa eBay kuna sehemu ya kuonyesha vitu vilivyouzwa tayari, so angalia watu wamelipa ngapi kwa mdoli wa hali kama ya wako. Kama ni kitu kikubwa, kuna kampuni kama AFA zinazokagua mdoli, kumpa alama na kumfungia kwa boksi la plastiki ngumu.

Na usidhani ni mchezo. Mwaka 2024, Boba Fett wa majaribio mwenye roketi ya kurushwa aliuzwa kwa mnada dola 525,000, zaidi ya shilingi milioni 60. Huyo hakuwahi kufika dukani, juu Kenner waliogopa watoto wangekabwa na hiyo roketi.

Wako pengine si huyo. Lakini iwe ulitumiwa na auntie wa majuu ama umemwona online, kabla ya kutoa pesa ama kumpea mtoto wa jirani achezee, mgeuze, msome miguu, hesabu vifaa. Dakika tano tu, na hutalia baadaye.