Mistari Mingi Katika Grafu Moja: Mfano wa Bahari ya Kwale

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna mifululizo kadhaa ya takwimu za kisayansi inavyoweza kuonyeshwa pamoja katika grafu za tovuti. Yanakusudia pia kuonyesha ya kwamba jambo hilo si la mafundi wa kompyuta peke yao, bali ni la lugha vilevile. Mfano wetu ni pwani ya kusini ya Kenya, toka Diani hata Gazi na Msambweni katika Kaunti ya Kwale, ambako kimo cha maji ya bahari, mvua na upepo ni mambo yanayomgusa mvuvi, mkulima na mtafiti sawasawa. Siku hizi takwimu za namna hii husomwa katika simu ya mkononi, na msomaji hana mtu kando yake wa kumfasiria. Kwa hiyo grafu haina budi kujieleza yenyewe.

2. Mhimili wa wakati

Mifululizo mingi inapowekwa pamoja, kinachoiunganisha ni mhimili mlalo, yaani mhimili wa wakati. Huo ukikosewa, mistari yote hupotoka pamoja.

Tuchukue saa. Maji katika pwani hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Basi toka kupwa kabisa hata kujaa kabisa ni muda wa saa 6 na dakika 12 hivi. Nayo hesabu ya saa ya Kiswahili, ianzayo macheo na machweo, hutofautiana na ile ya kimataifa kwa saa 6. Tofauti hizi mbili zinakaribia kuwa sawa, na hapo ndipo penye hatari. Siku za bamvua maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, ambazo katika grafu huandikwa 10:00 au 11:00. Msomaji aliyezoea hesabu ya Kiswahili akiisoma 10:00 kuwa ni saa kumi alasiri, atakuwa ameyachukua maji yaliyojaa kuwa ni maji yaliyokupwa. Kosa hilo halimcheleweshi tu, bali linampindulia bahari. Mtu aendaye mwambani kwa miguu kutafuta pweza hawezi kulipuuza. Dawa yake ni kuandika saa pamoja na jina la wakati wa siku, kama vile “saa 4 asubuhi”, au kuweka hesabu zote mbili, moja juu ya grafu na nyingine chini yake.

Aidha, vipimo vya kimo cha bahari, kama vile vya Mombasa, huhifadhiwa kimataifa kwa saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya saa za Kenya kwa saa 3. Nayo mvua katika vituo vya hali ya hewa vya Kenya hupimwa kila siku saa tatu asubuhi, hata mvua iliyopimwa leo yaweza kuwa ilinyesha jana mchana. Mchoraji asipoilinganisha mifululizo hii kwanza, mistari itaonekana kufuatana au kupishana kwa sababu ambazo hazimo baharini wala mawinguni.

3. Vipimo vya wima

Kimo cha maji hupimwa kwa mita na mvua kwa milimita. Wachoraji wengi huweka kipimo kimoja upande wa kushoto na kingine upande wa kulia, kisha wakachora mistari yote katika uwanja mmoja. Desturi hiyo yataka hadhari. Kwa kuwa mchoraji ndiye achaguaye mwanzo na mwisho wa kila kipimo, aweza kuifanya mistari miwili ikutane popote apendapo, na msomaji aonapo makutano hudhani yana maana. Lililo bora ni kuziweka grafu ndogo moja juu ya nyingine, kila moja na kipimo chake, zote zikitumia mhimili mmoja wa wakati. Ama mifululizo yenye kipimo kimoja, kama vile mvua ya kila mwezi katika miaka mbalimbali, hiyo yafaa kukaa pamoja. Na pale ambapo chombo hakikupima kitu, mstari ukatwe. Ukiendelezwa, utakuwa unasema jambo lisilopimwa.

4. Majina ya mistari

Mwaka 1786, William Playfair alipochapisha huko London grafu za biashara ya Uingereza, aliandika jina la kila mstari kandokando ya mstari wenyewe. Njia hiyo bado ni nzuri kuliko ya kuorodhesha rangi pembeni. Katika jua la Diani kioo cha simu hufifia, na samawati na kijani huwa vigumu kutengana. Tovuti yaweza kuongeza manufaa: msomaji akigusa mstari aonyeshwe jina, kiasi na saa, na awe na uwezo wa kuficha mistari asiyoihitaji.

Hata hivyo, maneno yenyewe yachaguliwe kwa uangalifu. Katika pwani ya Kenya neno “mwaka” si jina la miezi 12 tu. Ni jina pia la majira ya mvua kubwa, ambayo kwingineko huitwa masika. Grafu ya mvua yenye maneno “mvua ya mwaka” yaweza kufahamika kuwa ni jumla ya miezi yote, au kuwa ni mvua ya majira hayo peke yake. Afadhali iandikwe “jumla ya Januari hadi Desemba”, au majira yatajwe kwa miezi yake.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba grafu yaweza kuwa na takwimu sahihi na bado ikampoteza msomaji, kwa sababu ya saa isiyotajwa barabara au neno lenye maana mbili. Yafaa basi wataalamu wa Kiswahili washirikishwe tangu grafu inapobuniwa, wala wasiitwe mwishoni kutafsiri maandishi yaliyokwisha kukamilika.