Kuvuka Bila Kumbukumbu: Lawalawa ya Singida kwa Mtazamo wa Saikolojia ya Kina

Makala haya yanafafanua namna saikolojia ya kina, hususan ile ya Carl Jung, inavyoweza kusaidia kuelewa vipindi vya mpito vya maisha mkoani Singida, na mahali inapokwama. Mfano unaochambuliwa ni lawalawa.

Miongoni mwa Wanyaturu, ukeketaji wa msichana haukusimama peke yake. Uliambatana na mafunzo, nyimbo, na hatimaye kupokewa kama mtu mzima. Arnold van Gennep alionesha mwaka 1909 kwamba ibada za namna hii hupitia hatua tatu: kutengwa, kukaa kizingitini na kurejeshwa. Kwa Jung, jambo ambalo nafsi imelikosea ishara ya kulibeba hushuka katika ung'amuzi bwete na huweza kurudi likiwa dalili ya ugonjwa.

Serikali ilipoanza kuupiga vita ukeketaji, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ulienea mkoani humo woga wa maradhi yaliyoitwa lawalawa. Dalili zake, yaani kuwashwa na maambukizi ya uke na njia ya mkojo, hutibika kwa usafi na dawa za hospitali. Iliaminika hata hivyo kwamba dawa yake ni kukata, na watoto wachanga wakaanza kukeketwa. Wembe ulibaki, mafunzo, wenzi na sherehe havikuwa na nafasi tena, kwa kuwa kichanga hafundishiki.

Ni rahisi kudai kwamba ibada iliyokatazwa iligeuka ugonjwa. Maelezo hayo yanaikubali nadharia kwa wepesi mno, na wepesi huo wenyewe unapaswa kumtia mtafiti mashaka. Kichanga hawezi kumsimulia mwalimu wala polisi. Haja ya kuficha yatosha kueleza kwa nini umri ulishuka, na kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoongezwa mwaka 1998, kiliizidisha haja hiyo. Ila kuficha hakuelezi woga. Mama aliyeamini kwa dhati kwamba mwanawe anaugua hakuwa akiihadaa serikali, na ni kwa mama huyu kwamba saikolojia ya kina ina la kusema.

Takwimu za kitaifa zinaonesha kuwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa mkoani Singida walikuwa asilimia 31 mwaka 2015/16 na asilimia 20 mwaka 2022. Kushuka huko hakumwondolei mzigo aliyekwisha kukatwa. Aliyekeketwa akiwa mchanga hana kumbukumbu ya kuvuka. Huweza kuipata habari hiyo katika kipindi kingine cha mpito, kwa mfano chumba cha kujifungulia, mkunga anapoliona kovu.

Hapo ndipo tiba ya Jung inapokwama. Inategemea ndoto, kumbukumbu na mazungumzo ya faragha ya muda mrefu, ilhali Mirembe, hospitali kuu ya afya ya akili, iko Dodoma. Aliye karibu ni mkunga mwenyewe. Akipewa mafunzo ya ushauri nasaha, swali lake la kwanza lisihusu kovu, bali nani alimfundisha mwanamke huyu utu uzima. Jibu laweza kuwa bibi, shangazi au mama mchungaji. Likiwa ni kwamba hakuna, kazi ya ushauri huanzia kwa kumtafuta mtu huyo, ikiwezekana azungumzaye Kinyaturu.