Leseni ya chuo: Ni mali yetu au tumeazimwa?

Katika likizo iliyopita, binti mmoja wa hapa Kisiba, anayesoma chuo mjini Mbeya, alikuja mbele ya kamati ya msikiti wetu na jambo la kheri. Alikuwa ameziona kompyuta mbili kuukuu za madrasa, ambazo watoto hujifunzia kuchapa na sisi huziandikia hesabu za sadaka. Kwenye pembe ya kioo cha kila moja palikuwa na maandishi yanayotangaza kwamba Windows iliyomo haijathibitishwa. Binti akasema kwamba chuo chao huwapa wanafunzi Windows bila malipo, naye yu tayari kutuwekea ile ile aliyopewa, fii sabilillah.

Tulifurahi na kumwombea dua. Kisha mzee wetu mmoja, ambaye hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake, akauliza swali ambalo sisi tuliokaa darasani hatukuliwaza: "Hicho alichopewa ni chake, au ameazimwa?"

Kikao kilinyamaza. Hakuna aliyekuwa na jibu, akiwemo binti mwenyewe. Tuliahirisha uamuzi kwa wiki mbili ili tupate kuuliza na kusoma. Tuliyoyapata tumeona si haki yabaki kwenye daftari la kumbukumbu za vikao, kwa kuwa kila familia yenye mtoto shuleni au chuoni italikuta jambo hili mlangoni kwake.

Kinachouzwa ni ruhusa

Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote. Windows ya kampuni ya Microsoft ya Marekani ndiyo inayojulikana zaidi kwetu. Anayeilipia hainunui kama anavyonunua mkungu wa ndizi sokoni Tukuyu. Mkungu ukishaulipia ni wako: utaula, utaugawa au utauuza. Katika programu, mnunuzi hupewa leseni, yaani ruhusa ya kutumia kwa masharti yaliyoandikwa, na haki ya kunakili hubaki kwa mwenyewe. Hapa nchini, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu, na COSOTA ndiyo ofisi iliyokabidhiwa kazi hiyo.

Leseni hizo huja kwa milango minne, na wengi wetu huichanganya.

Mlango wa kwanza ni leseni inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani. Hiyo imefungamana na mashine ile ile. Mashine ikiuzwa huenda nayo, na ikifa hufa nayo. Mlango wa pili ni leseni ya dukani, ambayo mwenyewe aweza kuihamishia kompyuta nyingine, ila kwa mashine moja kwa wakati mmoja.

Mlango wa tatu ni leseni ya taasisi. Chuo au ofisi huingia mkataba kwa ajili ya kompyuta nyingi kwa pamoja. Mara nyingi mashine hizo hutakiwa kuwasiliana na seva ya taasisi angalau mara moja katika kila siku 180, la sivyo uthibitisho wake hukoma. Tena, mikataba ya namna hii kwa kawaida hutoa leseni ya kupandisha daraja tu: hudhania kwamba kompyuta ilikwisha kuwa na mfumo wake halali tangu mwanzo. Mzazi anayemnunulia mtoto mashine tupu kwa matumaini kwamba shule itaijaza huenda akajikuta amejenga juu ya msingi usiokuwepo.

Mlango wa nne ndio aliopitia binti yetu: mpango wa wanafunzi. Microsoft iliuita DreamSpark mwaka 2008, ukabadilishwa kuwa Microsoft Imagine mwaka 2016, na tangu 2019 unaitwa Azure Dev Tools for Teaching. Chuo ndicho hujiunga, kisha mwanafunzi huingia kwa barua pepe ya chuo na kupewa namba ya leseni kwa jina lake. Masharti ya mpango huo ni kwamba programu ni za kujifunzia, kufundishia na utafiti, si za biashara. Mwanafunzi huruhusiwa kuendelea na zile alizokwisha kuzichukua hata baada ya kuhitimu, lakini hazitoki mikononi mwake kwenda kwa mwingine.

Tulivyoumwa mara ya kwanza

Hapo ndipo tulipoelewa msiba wetu wa zamani. Miaka michache iliyopita tulimlipa fundi mmoja kutoka kwenye mfuko wa msikiti ili azitengeneze kompyuta zile. Alikuja na flashi mfukoni, akamaliza kazi kabla ya adhuhuri, akatuhakikishia kwamba Windows aliyoweka ni ya kudumu. Ilidumu miezi kadhaa, kisha maandishi yakaanza kututaka tuwasiliane na seva ya taasisi yetu. Sisi hatuna seva, wala taasisi hiyo hatuijui. Kumbe tulikuwa tumewekewa leseni ya watu wengine, na sadaka ya waumini ilikuwa imelipia kitu ambacho muuzaji hakukimiliki. Katika fiqhi ya biashara, hilo ni la mwanzo kabisa kukatazwa: mtu hauzi asichokimiliki.

Tulitubu kwa Mola wetu, na tukawaeleza waumini baada ya Swala ya Ijumaa. Ilikuwa aibu, lakini mali ile ilikuwa yao.

Hukumu ya azima

Tulipolipima jambo la binti kwa mizani ya fiqhi, halikufanana na hiba, kwa sababu aliyepewa hiba humiliki na huweza kugawa. Lilifanana zaidi na ariya, yaani azima: mwenye mali amekuachia manufaa yake bure, kwa mipaka aliyoiweka. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, kauli yenye nguvu ni kwamba aliyeazimwa hana haki ya kumwazima mwingine bila idhini ya mwenye mali. Aliyeazimwa jembe na jirani ili apalilie chai yake hawezi kumpa shemeji yake kwa hoja kwamba nia ni njema.

Wapo waliosema kikaoni kwamba kampuni yenyewe ni ya matajiri wasio Waislamu, kwa hiyo hapana dhambi. Hoja hiyo tulitaka kuijibu kwa sira. Kabla ya vita vya Hunayn, Mtume (SAW) aliazima deraya kutoka kwa Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo alikuwa bado hajasilimu, naye akamdhaminia kwamba zitarudishwa. Na usiku wa Hijra, huku Makuraishi wakitaka kumuua, alimwacha Ali bin Abi Talib (RA) Makka ili awarudishie wenyewe amana zao. Basi amana haiangalii dini ya mwenye mali wala unene wa mfuko wake. Sura ya tano ya Qur'ani, Al-Maida, inafunguliwa kwa kuwaagiza waumini watimize mikataba, nayo haikuchagua mikataba ya nani.

Wanazuoni wa zama zetu nao wamelisemea jambo hili. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu yenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988, iliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia na haijuzu kuzivamia.

Mwingine alitaja dharura: msikiti ni maskini na watoto wanahitaji kusoma. Hoja hii ina uzito, nasi tunaujua umaskini wetu. Lakini dharura huhalalisha pale tu njia ya halali inapofungwa. Hapa njia iko wazi, na haina kodi.

Njia iliyo wazi

Mwaka 1983, Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa kutengeneza mfumo ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia, kuunakili, kuuchunguza na kuugawa. Mwaka 1989 ikatoka leseni yake ijulikanayo kama GPL. Mwaka 1991 kijana wa Finland, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo kinachoitwa Linux. Kutokana na hayo, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, toleo lake la kwanza likitoka Oktoba 2004. Ubuntu ni neno la Kibantu lenye maana ya utu, na ndugu zetu Wanyakyusa wanaowaita watu abandu hawahitaji kutafsiriwa.

Leseni ya namna hii nayo ina masharti. Anayeibadilisha programu na kuigawa kwa wengine hulazimika kuwaachia nao uhuru ule ule alioupata. Sharti hilo linatukumbusha kisima cha wakfu: chota, mnyweshe jirani, ila usikizungushie ukuta na kufuli.

Na matunda yake yamefika kwetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia magoti mtu awaruhusu, kwa kuwa leseni yenyewe ilikwisha kuruhusu.

Tulivyoamua

Binti aliiandikia ofisi ya kompyuta ya chuo chao. Jibu likaja kwamba leseni ni yake peke yake, kwa masomo yake. Alilileta mwenyewe kwenye kamati, na tulimwona amefarijika kuliko kuhuzunika. Kisha akakaa na walimu wa madrasa siku mbili, akaziwekea kompyuta zetu Lubuntu, tawi jepesi la Ubuntu linalofaa mashine dhaifu, pamoja na LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu. Hatutaficha kwamba palikuwa na taabu. Printa ilitusumbua kwa muda, na baadhi ya vijana walilalamika kwamba vitufe haviko pale walipovizoea shuleni. Lakini yale maandishi ya pembeni hayapo tena, na mwalimu anapowafundisha watoto uaminifu, chombo kilicho mbele yao hakimkanushi.

Lilibaki jambo la mama yake. Mama huyo, anayeishi kwa kuuza maziwa, alikuwa ametarajia kwamba wakati wa likizo kompyuta ya binti itachapa barua na maombi ya kazi kwa malipo kidogo, ili kusaidia nauli na chakula cha chuoni. Sasa alihofu kwamba riziki hiyo imezuiwa, maana leseni ya chuo si ya biashara. Tulipoichunguza mashine tukakuta kwamba ilitoka kiwandani na Windows yake yenyewe, ambayo fundi aliifuta alipoweka ya chuo. Leseni ile ya kwanza, inayoruhusu kazi ya kipato, ilikuwa bado imefungamana na mashine. Binti akairudisha, akaweka LibreOffice, na mama akaanza kupokea wateja. Halali yao ilikuwa chini ya mikono yao tangu mwanzo, ila hawakuwa wameambiwa.

Maswali ya kuuliza

Ndugu wazazi, kabla ya kulipa fedha au kupokea bure, tuulize haya matano. Kwanza, kompyuta hii ilitoka kiwandani na mfumo gani, na leseni yake bado ipo? Pili, leseni ya shule ni ya mwanafunzi mwenyewe, au ni ya taasisi na itakoma akiondoka? Tatu, inaruhusu kazi ya kipato, au masomo tu? Nne, inataka mashine iwe na mfumo halali kabla yake? Tano, mashine inaweza kuubeba? Windows 11 hutaka angalau kumbukumbu ya GB 4, hifadhi ya GB 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mtoto apewapo leseni yoyote, achapishe masharti yake na kuyahifadhi pamoja na risiti ya kompyuta. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana deni. Si ajabu basi Muislamu kuhifadhi karatasi.

Yule mzee wetu hadi leo hajagusa kompyuta. Lakini kila kijana anapokuja na kitu kipya kwa ajili ya msikiti, sasa ndiye tunayempa nafasi ya kuuliza kwanza.

Tunamuomba Allah (SW) azibariki elimu za watoto wetu na atutosheleze kwa halali Yake. Wabillahi tawfiq.