Sahani ya mama ni ndogo, mbona kilo hazipungui?

Saa mbili usiku, chakula kiko mezani. Mama anajipakulia ugali kidogo kuliko wote, mchicha na kipande kimoja cha samaki. Amekuwa akifanya hivyo tangu alipoambiwa kliniki kwamba shinikizo lake la damu liko juu na apunguze uzito. Mwezi umepita na mizani haijashuka. Nyumbani wameanza kumtania kwamba anakula kwa kujificha.

Hajifichi. Ila wakati wa kupika alionja mchuzi mara tatu. Alipotoa vyombo alimalizia ugali wa mtoto usije ukatupwa. Mafuta ya mchicha nayo yalimiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu, na hakuna aliyejua ni kiasi gani.

Hali hii iko katika nyumba nyingi. Mtu anakadiria chakula kwa macho, na macho hudanganywa na ukubwa wa sahani, hayaoni mafuta yaliyomo na husahau vilivyoliwa nje ya meza. Kwa anayetakiwa kupunguza uzito ili kujikinga na kisukari au shinikizo la damu, tofauti hiyo si ndogo.

Anza na mafuta
Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120 hivi. Vijiko 10 vikiingia kwenye sufuria ya mboga ya watu watano, kila mmoja amepata kalori 240 za mafuta peke yake. Vikiwa vitatu, ni 72. Acha kumimina kutoka kwenye dumu. Tumia kijiko kilekile kila siku na uhesabu.

Sukari ya chai ihesabiwe pia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ni vizuri zaidi sukari ya kuongeza isizidi gramu 25 hivi kwa siku, sawa na vijiko 6 vya chai. Vikombe vinne vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni vijiko 12. Na kijiko kiwe kimesawazishwa, kisiwe na kilima.

Ugali na wali
Ugali huzidi uzito kwa maji, hivyo pima unga kabla ya kupika. Gramu 500 za unga wa mahindi zina kalori 1,800 hivi. Pima sufuria tupu, kisha uipime tena ugali ukiiva, utoe uzito wa sufuria. Ukipata kilo moja na nusu, kipande cha gramu 250 kina kalori 300 hivi. Wali nao pima mchele ukiwa mkavu.

Mizani ya jikoni iwekwe mahali palipo sawa. Weka bakuli kwanza, irudishe kwenye sifuri, ndipo uweke chakula. Kuijaribu ni rahisi: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja.

Huna mizani? Mkono unatosha
Nchini Zimbabwe wagonjwa wa kisukari wamefundishwa kupima chakula kwa mikono. Kwa anayepunguza uzito, wanga uwe ukubwa wa ngumi yake, nyama au samaki kiganja bila vidole, mafuta ncha ya dole gumba, na mboga za majani zijaze viganja viwili. Kwenye sahani, nusu iwe mboga, robo wanga na robo protini. Mnaokula kwenye sinia, tenga sehemu yako kabla ya kuanza.

Kwa wiki moja andika kila kinachoingia mdomoni, pamoja na kuonja na karanga za jioni. Kiganja kimoja cha karanga, gramu 30 hivi, kina kalori 170.

Wanaopaswa kuwa waangalifu
Wajawazito, wanaonyonyesha na wanaotumia insulini au dawa za kushusha sukari wasipunguze chakula bila kuzungumza na daktari. Mtoto asipimiwe chakula ili apungue. Akiwa na uzito mkubwa, apelekwe kliniki. Kwa mtu mzima, kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha.

Ugali alioacha mtoto usiishie tena mdomoni mwa mama. Mtoto apakuliwe kidogo, aongezwe akitaka, na kinachobaki kwenye sufuria kifunikwe vizuri kiwe kiporo. Na baba na watoto, badala ya kumtania, mmoja wao ashike kijiko cha kupimia mafuta.